Usiku wa Mvua Siyu



Anayekwenda Siyu hupanga safari yake kwa maji ya bahari. Basi kutoka Mombasa litamfikisha Mokowe kwa kupitia Garsen na Witu, na mashua itamvusha hadi Lamu bila taabu. Lakini kutoka Lamu kuelekea Kisiwa cha Pate ni lazima asubiri maji yajae. Njia hupita katika mlango mwembamba wa Mkanda, baina ya Manda na bara, mikoko ikiwa imesimama pande zote mbili, na maji yakitoka chombo chenye mzigo hukwama. Mimi na abiria wenzangu tulisubiri gatini tangu asubuhi hadi baada ya Adhuhuri, tukiwa na magunia ya mchele, mikungu ya ndizi na wasichana wawili waliofumba vitambaa puani kwa kuogopa mawimbi. Nilikuwa naenda arusini kwa shangazi yangu. Ilikuwa msimu wa masika, na mawingu yalikuwa mazito upande wa Ndau.

Tulishukia Mtangawanda, na kutoka hapo nikapakiwa kwenye pikipiki, sanduku langu mapajani. Njia hupita baina ya minazi na mashamba ya tumbaku, na mwisho wake huonekana ngome ya Siyu ya karne ya 19, ukuta wake mweusi kwa mvua, ikitazama mkono wa bahari unaojaa na kukauka. Msomaji asiyeufahamu mji huu asiudharau kwa uchache wa nyumba zake. Siyu ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi: hapa zilinakiliwa kwa mkono misahafu iliyotiwa nakshi za rangi, hapa zilishonwa ndara za ngozi zilizosifika pwani nzima, na hapa ndipo alipotawala Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona binti Msham, yule bibi wa Pate aliyemtungia binti yake utendi wa wasia takriban mwaka wa 1858, hali yeye mwenyewe ni mgonjwa. Ni mji uliozoea kuwaona mama wakiwaachia mabinti zao elimu. Nililikumbuka hilo usiku ule ule, kwa sababu nisiyoitarajia.

Nyumba ya shangazi ilijaa wageni. Wanawake walikuwa wakichambua mchele na kukuna nazi, na mvua ilipoanza kupiga paa baada ya Magharibi, tulisogea sote ndani. Nilimwona mke wa binamu yangu, binti wa miaka ishirini hivi, amekaa peke yake kwenye pembe ya chumba cha ndani na mtoto wake wa kike wa miezi kumi mapajani. Alinisalimu kwa adabu, kisha akainamisha kichwa. Nilidhani ni haya za mwanamke mdogo mbele ya mgeni. Ni baada ya Isha, nilipopita kuchukua mswala, nilipoona rundo la nepi za kitambaa na leso zilizofuliwa zikiwa zimeanikwa kwenye kamba ndani ya nyumba. Nikamuuliza, "Mtoto ana nini, mwanangu?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Anaharisha, dada. Tangu alfajiri. Nimehesabu mara tisa, kisha nimepotewa na hesabu."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Hakujibu. Jibu nililipata baadaye jikoni, pale jirani mmoja alipoteta kwa sauti ya kusikika kwamba mtoto huyo amebemendwa. Wasomaji wa pwani mnalijua neno hili na uzito wake. Mtoto akiharisha na kukonda, watu hawatazami kisima, hawatazami chupa wala mikono. Humtazama mama na baba yake na kuwahukumu kwa yaliyo baina yao faraghani. Binti yule alikuwa amenyamaza mchana kutwa, katika nyumba yenye wanawake zaidi ya ishirini, kwa sababu aliona kusema kuwa mwanawe anaugua ni sawa na kukiri dhambi ambayo hakuitenda. Maneno yetu yalikuwa yamemfunga mdomo mama, na mtoto alikuwa anakauka.

Nilimbeba mtoto na kumsogeza penye taa. Macho yalikuwa yamezama kidogo, midomo imekauka, akilia machozi hayatoki vizuri. Nilifinya taratibu ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia. Ilirudi polepole kuliko inavyopasa. Lakini alikuwa macho, akinitazama, na kijiko cha maji kilipogusa mdomo wake alikivuta kwa pupa. Hiyo pupa ndiyo iliyonipa moyo. Mtoto anayeharisha ambaye bado anataka kunywa ni mtoto ambaye mlango wake wa tiba uko wazi.

Hapo ndipo shangazi alipoingia na kunipokonya kijiko. "Msimpe mai," akasema kwa lahaja ya kwao, "yatampita tu, na yatazidi kumharisha. Na mama yake asimnyonyeshe hadi asubuhi. Maziwa yake yameingia jua." Akaagiza iletwe dawa ya kupaka utosini, maana utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea.

Wapenzi wasomaji, nisameheni nikitoka Siyu kidogo nirudi Mombasa, katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, nilipokuwa na umri wa miaka tisa. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Aliharisha siku mbili. Wakubwa walisema meno ndiyo yanayomharisha, kwamba ni jambo la kawaida, na kwamba asipewe maji ili tumbo lipate kukauka. Nakumbuka akiinyooshea mkono bilauri yangu, na nakumbuka nikiambiwa niiondoe mbele yake. Siku ya tatu asubuhi alifariki. Simlaumu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alifanya alivyofundishwa na watu waliompenda yeye na mwanawe. Meno hayamharishi mtoto kiasi hicho. Linalotokea ni kuwa katika umri huo wa kuota meno mtoto hutambaa, huokota kila kitu na kukitia mdomoni, na huanza kula chakula kingine juu ya maziwa. Kwa hiyo vijidudu humpata kwa urahisi. Kilichomuua ndugu yangu ni kukaukiwa na maji na chumvi mwilini. Mkono wake unaoinyooshea bilauri sijausahau kwa miaka yote hii.

Kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Lakini shangazi ni mkubwa wangu, na nyumba ni yake, nami sikutaka kumkosea adabu mbele ya wageni. Niliketi chini miguuni pake nikamuuliza, "Shangazi, utosi wa mtoto hubonyea kwa sababu gani?"

Akafikiri. "Ni maji yamemwishia."

"Basi tumrudishie yale yaliyomwishia. Si kwa utosini; kwa mdomoni."

Alinitazama kitambo. Mvua ilikuwa ikipiga paa. Kisha akanirudishia kijiko.

Napenda wasomaji watambue kuwa shangazi yangu hakuwa mjinga. Bibi zetu waliuona utosi uliobonyea kabla ya wengi wetu kuusoma vitabuni, na ni dalili ya kweli kabisa ya upungufu wa maji. Walichokosea ni mahali pa kuitilia dawa. Mwenye busara huchukua macho yao yaliyozoea kuona na kuyaongezea elimu iliyokuja baadaye.

Mume wa yule binti alikuwa ukumbini. Alipoitwa alitoka mvuani kumtafuta kijana wa pikipiki atupeleke hospitali ya Faza, akarudi ametota: njia imejaa maji, hakuna wa kupita kabla ya alfajiri. Nami niliona haya mbele ya nafsi yangu, kwani sanduku langu lilikuwa na leso mpya, halua na manukato, wala halikuwa na pakiti hata moja ya ORS, ile chumvi ya kuchanganywa na maji ambayo hupatikana katika kila duka la dawa la Mombasa. Msafiri wa visiwani asiyebeba pakiti hizo ni kama nahodha asiyebeba nanga.

Tulikuwa na sukari na chumvi. Tukachukua maji ya mvua ya jabia, tukayachemsha hadi yakatokota vizuri, tukayafunika yapoe. Tukapima lita moja kwa chupa mbili za nusu lita. Tukatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kila kijiko kimesawazishwa kwa kisu bila kilima juu yake. Tukakoroga hadi vikayeyuka vyote, nami nikaonja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Kipimo hiki si cha kubahatisha. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini na kuzidisha kuharisha. Ndiyo maana soda na maji ya matunda ya dukani hayamfai mtoto anayeharisha. Shangazi aliuliza juu ya madafu, kwani minazi imeizunguka nyumba. Madafu ni kinywaji chema na hayamkatazwi mtoto wa umri ule, lakini chumvi yake ni ndogo, hivyo hayatoshi kusimama mahali pa maji yale tuliyoyapima. Na palipo na pakiti ya ORS, hiyo ndiyo bora kuliko vyote. Muhimu ni kusoma maandishi yake, maana ziko za nusu lita na ziko za lita nzima, na anayeikosea hupotosha kipimo.

Kisha ukaanza usiku. Kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Alipotapika mara ya kwanza, shangazi alishusha pumzi kama aliyesema, "Sikuwaambia?" Tukangoja dakika kumi, tukaanza tena polepole zaidi. Kila alipoharisha tulimpa robo hadi nusu kikombe kwa vijiko, na baina yake mama akamnyonyesha kila alipotaka. Maziwa ya mama hayaingii jua wala hayaharibiki kifuani. Ni chakula na ni kinywaji, na mtoto mgonjwa huyahitaji zaidi kuliko mzima. Mola wetu ametaja katika Kitabu chake unyonyeshaji wa miaka miwili kamili, wala hakuuondoa siku za maradhi.

Baba wa mtoto alikaa nasi akishika taa na kuhesabu. Wanawake wawili walitaka kumtoa kwa kuwa ni mambo ya kike. Shangazi akasema aachwe. Bibi mmoja mzee alileta kombe, ameandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe. Nikamwomba kwa heshima aioshe kwa maji yetu yaliyochemshwa, naye akaridhia bila neno. Dua na dawa havijagombana katika dini yetu, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa na tiba. Mwengine akaikumbuka ile hadithi mashuhuri ya mtu aliyelalamika tumbo la nduguye, akaamrishwa amnyweshe asali, na kila aliporudi kusema halijapoa akaamrishwa aendelee. Akataka tumpe mtoto asali. Nilimweleza kuwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwani huweza kuwa na mbegu za vijidudu ambazo utumbo wake mchanga hauziwezi. Lakini katika hadithi hiyo tulichukua fundisho la kuendelea bila kukata tamaa. Maana kosa la wengi ni hili: humpa mtoto vijiko vitatu vya maji ya chumvi, akiharisha tena huyamwaga na kusema hayafai. Maji haya hayakuwekwa kuuzuia mharo papo hapo. Yamewekwa kumlinda mtoto asikauke hadi mharo utakapokwisha wenyewe, na aghalabu huchukua siku kadhaa.

Katika kukesha niliwasimulia habari za Bangladesh. Mwaka wa 1971, wakati wa vita, wakimbizi walijaa kambini mpakani mwa India na kipindupindu kikawaangukia. Maji ya kutiwa mishipani yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe kwa mdomo, na jamaa zao ndio wakawanywesha. Katika kambi yake vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Kisha, kuanzia mwaka wa 1980, shirika la BRAC likatuma wanawake nyumba kwa nyumba katika vijiji vya nchi hiyo ya Kiislamu, wakiwafundisha akina mama, wengi wao wasiojua kusoma, kuchanganya chumvi ya ncha za vidole vitatu na gao la sukari guru katika nusu lita ya maji. Kwa miaka kumi walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyolikumbuka somo alipoulizwa baadaye. Na walipoona kuwa wanawake wamejua lakini wengi hawatumii, waliwaendea na wanaume, masokoni na misikitini. Niliposema hivyo, shangazi alimtazama mwanawe aliyeshika taa, na nadhani nilimwona akitabasamu.

Baada ya saa nane za usiku mtoto alikojoa. Mama yake aliishika leso ile iliyolowa akaiweka shavuni, akalia. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza analilia nini.

Alfajiri mvua ilinyamaza. Tukatupa maji yaliyobaki, kwani hayawekwi zaidi ya saa 24, tukatengeneza mengine ya njiani, na pikipiki ikatufikisha Faza njia ikiwa bado tope tupu. Mhudumu alimpima mtoto uzito, akamtazama macho na ngozi, akatupa pakiti za ORS pamoja na vidonge vya zinki, na kusisitiza vitumiwe siku zote alizoandika, yaani 10 hadi 14, hata kama mharo utakatika siku ya tatu, kwa kuwa zinki huurudishia utumbo nguvu. Alituonya tusimpe vidonge vya wakubwa vya kufunga tumbo, wala dawa za viuavijasumu zilizobaki kabatini. Akauliza kama mtoto alipata matone ya chanjo ya rotavirusi, ambayo Kenya imeyatoa tangu mwaka wa 2014 kuanzia wiki ya sita ya umri. Alikuwa ameyapata. Huenda hilo nalo lilikuwa miongoni mwa sababu za sisi kuwa na usiku wa kutosha.

Alitutajia pia dalili ambazo mzazi akiziona asingoje kupambazuke: mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeamka vizuri, anayepatwa na degedege, mwenye damu katika choo, mwenye homa kali, au ambaye macho yamezama na ngozi ikifinywa hukaa bila kurudi. Na mharo uliofika siku 14 haukubali kukaa nyumbani.

Nilibaki Siyu siku tano. Arusi ilifanyika, na mtoto alikuwepo, mwembamba lakini akivuta ushungi wa kila aliyembeba. Alikuwa akilishwa uji wa mchele na samaki aliyepondwa, kidogo kidogo mara nyingi, na shangazi ndiye aliyekuwa akimwambia kila mtu kuwa mtoto mgonjwa hanyimwi chakula. Asubuhi moja tulikwenda naye kisimani. Mvua ilikuwa imekokota takataka na samadi ya punda hadi ukingoni. Aliyatazama maji yale kwa muda mrefu, kisha akasema, "Na sisi tulimsema mke wa mwanangu."

Siku ile ile aliweka sabuni karibu na mahali pa kuwasafishia watoto. Wengi wetu hudhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara kwa kuwa yeye hana dhambi. Wanavyuoni wetu wanatuambia ni najisi, na waganga wanatuambia kina vijidudu kama cha mkubwa. Tunatawadha mara tano kwa siku, na hiyo ni neema kubwa, lakini anayemsafisha mtoto kisha akashika chakula anahitaji na sabuni. Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa ya maji, na chombo chake kifunikwe.

Siku ya kuondoka maji yalijaa alasiri. Yule binti alinisindikiza hadi Mtangawanda, mtoto begani. Nilimwambia kuwa pakiti kumi zitakuja kwa mashua ya wiki ijayo. Akajibu, "Zilete ishirini, dada. Nyumba ya jirani nayo ina mtoto." Alimaanisha nyumba ya yule aliyemteta.

Nimezipeleka thelathini. Nawe, dada yangu unayeusoma ukurasa huu, ufungue kabati lako leo utazame kama zimo, na tarehe zake hazijapita. Na ukisikia mtoto wa jirani anaharisha, mwulize mama yake amempa kunywa nini kabla ya kumwuliza lolote jengine.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na awarehemu waliotutangulia wakiwa wadogo, awajaalie kuwa shufaa kwa wazazi wao. Amin.